Meno ya Joyline na Kisima cha Thuo

Hapa kwetu Mutuini, ukimwona Naliaka ameshika kiuno karibu na mfereji wa maji, jua kuna mtu leo atajua hajui. Mara nyingi mtu huyo alikuwa Thuo, mwenye nyumba, na kosa lake lilikuwa maji ya kisima.

Joyline, binti ya Naliaka, ana miaka sita. Meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia na yalimegeka kama chaki. Mkate aliuloweka kwenye chai ndipo aule, nyama hakuigusa, akakonda tukimtazama. Huku kwetu meno ya kahawia ni maji ya kisima, hakuna mjadala, nasi wapangaji tulimchochea mama wa watu. Akanunua maji ya mkokoteni na kumtukana Thuo asubuhi na jioni. Mzee aliendelea tu kukatia ng'ombe wake nyasi.

Jumanne Naliaka, ambaye hufua nguo za watu Muthangari, alimpeleka mtoto kwa daktari wa meno huko huko. Kanisani walikuwa wamemwogopesha kwamba meno ya mtoto yatang'olewa yote.

"Ni maji ya landlord, daktari!"

Daktari Wanjira akachungulia mdomoni. "Na watoto wengine kwa hiyo ploti, meno yao iko aje?"

Naliaka akafikiri. "Iko sawa."

"Huyu alizaliwa na kilo ngapi?"

"Moja na kitu. Alikaa sana kwa ile mashine ya joto."

"Basi si maji, mama. Ganda la jino huanza kujengwa mtoto akiwa tumboni. Huyu alitoka mapema, akiwa mdogo, hilo ganda halikukomaa. Hatung'oi kitu. Tunaziba leo hii, tunapaka dawa ya kulinda."

Haki ya nani, mlio uliosikika jioni ile langoni! Tulidhani mwizi. Kumbe ni Naliaka, anaruka, anacheka, analia, na Joyline yuko nyuma anatafuna kipande cha nyama, anatafuna kweli kweli! Nilifurahi hadi nikaacha sufuria ikaungua.

Kisha Naliaka akamwona Thuo, ambaye sote humwita Baba Ciru, na mzigo wake wa nyasi. Akaacha kuruka, akainamisha kichwa, jambo ambalo sijawahi kuliona.

"Baba Ciru, nimekukosea. Haikuwa maji yako. Nimekutukana mbele ya watu, na mbele ya watu naomba unisamehe."

Thuo alikuwa anamtazama mtoto.

"Anakula?"

"Anakula, Baba Ciru!"

Mzee akatua nyasi chini, akajifuta macho kwa mkono wa koti.

"Basi hayo mengine yaishe."