Fundi wa Vitako Asiyekaa Kitako

Wifi yangu Ruqaya hajui kukaa kitako. Huu ni mwaka wa ishirini na moja tangu niolewe na kaka yake Ayub, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Atapiga funda moja, ainuke aende kuchungulia barabarani, arudi apige la pili, akumbuke kwamba tupa ameiacha nje na mvua inanukia. Watu wa mtaa wetu, hapa Machakos nyuma ya soko, wanamcheka kwa sababu kazi aliyorithi kwa babake ni hiyohiyo ya vitako: vile vya mbao, vya bunduki, sehemu ile inayoegemezwa begani. Fundi wa vitako asiyekaa kitako, ndivyo wanavyomwita. Wasio na adabu wanabadilisha herufi mbili tatu, na hao nawaachia Mungu.

Mimi, Pili, ni fundi wa cherehani. Chumba changu na karakana yake vimetenganishwa na ukuta wa mabati, kwa hiyo mambo yake nayasikia hata nisipotaka, na kusema kweli mara nyingi ninataka.

Babake, Mzee Ali, alifariki mwaka juzi. Alipokuwa hai, wenye maduka ya bunduki waliopewa leseni na serikali walikuwa wakimletea kazi kutoka Nairobi, na Ruqaya ndiye aliyekuwa akipiga randa na msasa tangu akiwa msichana. Mzee alipoondoka, kazi nayo ikaondoka. Hakuna aliyesema kwa mdomo wake kwamba mwanamke hawezi. Waliacha tu kupiga simu. Ruqaya akawa anachonga miko na vigoda vya kuuza sokoni, na kila mwiko aliuchonga kama mtu anayegombana nao.

Aliyekuwa akimsumbua hasa ni Ramzi, mwenye duka la bunduki, ambaye babake na Mzee Ali walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Ramzi siku hizi anaagiza vitako vya plastiki kutoka ng'ambo. Ruqaya alimpigia simu asubuhi, akampigia jioni, akampigia siku ya Idi kumtakia heri na kumkumbusha. Mwishowe Ramzi akachoka.

"Dada Ruqaya, nitakuletea moja," alimwambia. "Ikitoka sawa, kazi yote ya mbao ya duka langu ni yako. Isipotoka sawa, tafadhali, usinipigie tena."

Hiyo bunduki ilikuwa ya Mzee Masila wa Mitaboni, mtu wa miaka sabini na sita. Ujana wake wote alikuwa mlinzi wa ranchi kule uwanda wa Athi, na mwenye ranchi alipouza mali yake akamwachia bunduki hiyo, karatasi zote zikiwa sawa. Ilikuwa ya zamani kuliko Masila mwenyewe. Mtutu ulikuwa umeliwa na kutu, na kitako kimeliwa na mchwa. Mafundi wa Ramzi walikuwa wameshatia mtutu mpya kule Nairobi, lakini ulikuwa mnene kidogo kuliko ule wa kwanza, kwa hiyo hata kama kitako cha zamani kingekuwa kizima, kisingeupokea. Ilibidi kichongwe kingine, tangu begani hadi mbele.

Kwetu bunduki hailali. Hilo Mzee Ali aliliweka na Ruqaya hajalibadilisha. Ramzi alikuwa akija nayo Alhamisi saa mbili asubuhi, anaketi mlangoni na simu yake, na ikifika saa kumi anaifunga kwenye sanduku na kuondoka nayo. Siku nyingine zote Ruqaya alibaki na mbao peke yake.

Mbao ilikuwa ya mukau, mti wetu wa Ukambani ambao hata mchwa wanaupita wakiusalimia. Babake aliuweka juu ya dari miaka mitano ukauke polepole. Ulikuwa ubao mmoja tu uliobaki wa unene huo, na Ruqaya alizunguka nao siku nzima kabla ya kuthubutu kuutia msumeno.

Alhamisi ya kwanza ilikuwa ya mtutu. Anachukua masizi ya koroboi, anayachanganya na tone la mafuta, anaupaka mtutu mpya mwili mzima, anaulaza kwenye mfereji aliouchonga katika mbao, kisha anauinua. Palipoingia weusi ndipo mbao inapogusa zaidi. Anapakwangua hapo, unene wa ukucha, anapaka tena, analaza tena, anainua tena. Nilihesabu mara arobaini nikachoka, nikarudi kwenye pindo zangu. Saa tisa unusu aliniita nije nione, uso umejaa masizi na meno yote nje. Mtutu ulikuwa umelala ndani ya ile mbao kama mtoto aliyeshiba.

Alhamisi ya pili akaja mwenyewe Mzee Masila, kwa sababu Ruqaya hatengenezi kitako cha mtu asiyemwona. Babake alikuwa akisema bunduki haina saizi, mwenye saizi ni mtu. Akaazima utepe wangu akampima mkono, kuanzia kiwiko hadi kidole cha kufyatulia. Mzee alikuwa mcheshi. Alimwita mwiitu wa Ali, yaani binti wa Ali kwa Kikamba, akamwambia ana mikono ya babake.

Kisha ukaja upimaji wa shavu. Hapo pia ni masizi. Unapaka mgongo wa kitako, bunduki iko tupu na Ramzi ameikagua mara mbili, unamwambia mtu aiinue alenge ukutani. Akishusha, alama inatakiwa iwe shavuni, chini kidogo ya mfupa. Mzee Masila aliposhusha, masizi yalikuwa kwenye midomo.

"Mzee amekula makaa!" akacheka Ramzi.

Ruqaya hakucheka. Alikwangua mgongo wa kitako, akampa tena. Midomo na ncha ya pua. Akakwangua tena. Ramzi akaangalia saa.

Wiki hiyo nyumba yetu haikulalika kwa raha. Ruqaya alikuwa na hakika amekosea. Amepima vibaya, ameacha mbao nene, amesahau kitu ambacho babake alimfundisha. Alikuwa akija kwangu na kile kitako mkononi, anakiweka begani kwangu, anakitoa, anaondoka. Chakula hakumaliza. Nilimwambia, "Wifi, ni mbao hiyo, si mgonjwa," naye akanitazama kama niliyemtukana.

Alhamisi ya tatu midomo ilikuwa nyeusi tena. Safari hii Ruqaya alikwenda akasimama ubavuni mwa mzee, upande wa kulia, amtazame anavyoinua. Bega lilikuwa sawa. Mkono ulikuwa sawa. Lakini kichwa kilikuwa kimevuka juu ya kitako kama mtu anayechungulia kwa jirani. Ruqaya alikuwa na konzi ya vumbi la mbao na maranda mkononi. Akaipitisha karibu kabisa na jicho la kulia la mzee, maranda yakimwagika. Lile jicho halikupepesa.

Basi akajua. Jicho la kulia lilikuwa limekufa, na mzee alikuwa akijipinda ili alenge kwa la kushoto. Kosa halikuwa la mbao. Hakusema kitu mbele ya Ramzi, aliomba tu wiki moja zaidi, na Ramzi akampa kwa shingo upande.

Jioni hiyo Ruqaya aliniambia, na sikuwa nimemwona na furaha ile tangu babake afariki. Kumbe kuna kitako cha mtu kama huyo! Mzee Ali alitengeneza kimoja maishani mwake, kilichopinda shingo: kinakaa bega la kulia, lakini mtutu unakuja mbele ya jicho la kushoto. Mtu mwenye jicho moja zima ni mtu kamili, alisema Ruqaya, ila lazima aseme ukweli kwa daktari na kwenye karatasi zake. Atamweleza Alhamisi. Akachora ile shingo kwenye karatasi ya kaki ninayokatia mitindo, akaichora mara tano, wiki nzima akipanda na kushuka akiimba.

"Utamwambiaje?" nilimwuliza.

"Nitamwambia tu."

Alhamisi ya nne Ramzi alifika amekunja uso. "Dada, kiko tayari ama hakiko?"

Ruqaya alikuwa ndiyo kwanza anaifungua karatasi yake, lakini Mzee Masila akamtangulia.

"Haiko tayari, na haitakuwa," akasema. "Ramzi, huyu mwiitu wa Ali hajui hii kazi. Babake alikuwa anajua. Huyu amekwangua mbao mpaka imekuwa mwiko. Rudisha hiyo bunduki Nairobi, waweke ile ya plastiki."

Nilisimamisha cherehani nikaingia karakanani. Leo naelewa kwa nini alisema vile. Alhamisi iliyotangulia alihisi kile kimya cha Ruqaya, akajua ameshajulikana, akaona afadhali awahi yeye. Kule Mitaboni fisi akishuka kwa mbuzi wa watu, anayeitwa ni Masila. Mtu hukubali kuharibu jina la mwenzake kabla ya kukubali kwamba hataitwa tena. Lakini siku hiyo hatukuelewa lolote. Nilisikia tu sauti ya wifi yangu ikipanda.

"Mimi sijui kazi? Mimi?" Akaikunja tena ile karatasi. "Haya mzee, funga jicho la kushoto. Lifunge tu, halafu uniambie unaona nini pale kwa mlango wa Pili."

Wahenga walisema hasira hasara. Ruqaya alitaka Ramzi aone lile jicho la kulia tu, hayo aliniapia baadaye na ninamwamini. Amwaibishe kidogo, jina lake mwenyewe lisafike, kisha afungue karatasi na kusema dawa ipo. Lakini mzee hakufunga jicho lolote. Aligeuka na macho yote mawili, akatabasamu kwa dharau.

"Mimi naona vizuri sana. Ni mama amesimama, amevaa nguo ya kijani. Na huyo mama ako na maringo! Kila Alhamisi nikipita namsalimia, haitiki."

Gauni kweli lilikuwa la kijani. Nililishona mwenyewe. Lakini hakukuwa na mama pale mlangoni. Palikuwa na ile sanamu ya plastiki ninayoivalisha nguo za kuuza, na sanamu yangu haina kichwa.

Kumbe hata lile jicho la kushoto lilikuwa limeshafifia. Ramzi aliinuka, akachungulia nje, akarudi. Akaichukua bunduki taratibu, akaikagua tena, akaifunga sandukuni.

"Mzee wangu," akasema, "hii itabaki na mimi. Na wale wa leseni lazima niwaambie. Naomba unielewe, siwezi kunyamaza."

Mzee Masila alijipangusa midomo kwa kiganja, ingawa siku hiyo hakukuwa na masizi. Hakuuliza ameonaje vibaya. Alichukua kofia yake akatoka.

Ramzi alikishika kile kitako cha mukau, akakigeuza, akapitisha kidole ndani ya mfereji wa mtutu kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Kazi unaijua, dada. Sikukudhania hivi. Wiki ijayo nakuletea mbili." Hayo ndiyo maneno Ruqaya aliyoyasubiri tangu mwaka juzi. Lakini yeye alikuwa ameshika mlango, anatazama barabara.

Nilimkasirikia wifi yangu, nisifiche. Na papo hapo nilijua kwamba uzio wa Masila unapitwa na watoto wa shule asubuhi na jioni, na kwamba ilikuwa lazima mtu aseme. Yote mawili bado ninayo, na mpaka leo sijui lipi niliache.

Ruqaya akatoka mbio, nami nikamfuata na utepe wangu shingoni. Tulimkuta mzee kwenye stendi, amesimama mbele ya magari matatu yenye majina ya yaendako kwa herufi kubwa juu ya vioo, akigeuza shingo huku na huku.

"Ya Mitaboni ni gani?" alikuwa akiuliza, bila kuuliza mtu fulani.

Ruqaya akamshika kiwiko. Mzee alitambua ni nani, nadhani kwa harufu ya mbao, na hakuutoa mkono wake. Akampeleka hadi kwenye mlango wa gari, akamwonyesha ngazi, akamwinamishia kichwa asigonge.

Mzee Masila alikaa kwenye kiti cha dirishani. Akamgeuzia uso, kidogo pembeni ya mahali Ruqaya alipokuwa amesimama.

"Mwiitu wa Ali," akasema, "hicho kitako kilinikaa sawa tangu siku ya kwanza. Ungeniuliza tukiwa wawili, ningekuambia."