Nilitoa Sukari ya Mtoto, Nikaweka Redio

Nimekosa, na sitasema shetani alinipitia. Hakuna aliyenipitia. Mimi mwenyewe nilimfungia ndugu yangu mlango wa maisha, na niliufunga kwa redio ya kaseti. Cheka ukitaka. Ningekuwa wewe ningecheka.

Hunijui, na ndiyo maana ninaweza kukwambia. Kwetu ni Matungu. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita, mimi ndiye kifungua mimba. Niliacha shule nikashika jembe. Niliwalea wadogo zangu, Rispa na Josefu, kwa miwa, na katika hilo hakuna atakayeninyooshea kidole. Hawakulala njaa. Hawakugawanywa kwa wajomba kama vifaranga. Basi nikajiona mfalme!

Miaka hiyo miwa ilikuwa miwa. Hata nyuma ya choo watu walipanda. Kwetu sukari haikuwa kitu: chai ya mgeni uliitia mpaka kijiko kikataka kusimama chenyewe, na ukitia kidogo mgeni alijua hatakiwi. Kumpelekea mtu sukari kama zawadi? Afadhali umpelekee udongo.

Nilikuwa nimewaona vijana wa kizungu pale Isecheno, wale wanaokuja kutazama ndege wa msituni. Hawana shamba, hawana mke, mzigo mgongoni, leo hapa kesho nchi nyingine. Niliwadharau na kuwaonea wivu kwa wakati mmoja. Mmoja wao aliniuzia begi lake la mgongoni. Nilipovuna miwa nikasema nami nitatembea nchi za watu. Mpaka wetu na Tanzania ulikuwa umefunguliwa tena. Nitalala siku mbili Mwanza kwa rafiki yangu Makokha, kisha niteremke hadi Dar es Salaam nikaone bahari.

Makokha tulikaa dawati moja shuleni. Alikuwa fundi seremala huko Mwanza, ameoa, ana mtoto. Tena alikuwa ameahidi kumchukua Josefu amfundishe kazi. Josefu alikuwa amemaliza shule ya msingi, na kila kigogo alichookota alikigeuza kigoda. Mimi nilikuwa niende tu, tukubaliane siku ya kumpeleka.

Asubuhi ya safari Rispa alifunga sukari ndani ya kitambaa chake cha kichwa, akaitia chini kabisa ya begi.

"Mzee," akaniambia. Ndivyo walivyoniita, kwa utani. "Hii ni ya mtoto wa Makokha. Baba yake alituma salamu na dereva wa lori. Kule sukari haipatikani, na mtoto ametoka kuugua surua. Hanywi uji usio na sukari."

"Sasa mimi nivuke mpaka nimebeba sukari? Watanionaje?"

"Wewe beba tu. Unasahaunga vitu kama mzee kweli."

Alipokwenda mtoni nikajaribu kuingiza redio yangu mpya. Haikuingia. Mwanamume atatembea nchi za watu bila redio? Nikaitoa sukari, nikaificha ndani ya chungu nyuma ya mlango. Kitambaa kilikuwa kimechakaa, nikaona punje zimemwagika ndani ya begi. Nikapuuza. Ilikuwa sukari tu!

Nilifika Mwanza nikaanza kudharau kuanzia kituoni. Mji wa mawe! Nyumba zimepanda juu ya miamba kama mbuzi. Makokha, ambaye kwao kuna ekari za kutosha, alikuwa akiishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Wananunua mchicha kwa fungu! Wananunua hata kuni! Nilizunguka mle ndani na redio yangu begani, nikacheka moyoni.

Mke wake alinikaribisha kwa magoti. "Karibu, shemeji. Pole na safari. Jisikie nyumbani." Akaleta viazi vitamu na chai ya rangi.

Nikaonja. Kavu!

"Shemeji," nikasema, "umesahau sukari."

Yule mama akatazama chini. Makokha akacheka. "Omwana wefwe, ndugu yangu, sukari hapa ni bibi harusi. Tunasikia tu kwamba yupo."

"Kwetu hata kuku wanaidonoa," nikasema, nikasukuma kikombe kando.

Hapo Makokha akainama, akauliza polepole, ili mkewe asisikie: "Kwani Rispa hakukupa kitu?"

Ningesema kweli. Ningesema, nimeiacha, nisamehe, nitaituma na lori la kwanza. Ingekuwa aibu ndogo ya jioni moja. Lakini mimi mfalme wa Matungu nitaomba msamaha kwa mtu wa chumba kimoja?

"Hakunipa kitu," nikasema. "Unamjua Rispa. Maneno mengi."

Nilimtupia dada yangu uongo huo bila hata kupepesa jicho. Nyuma ya pazia mtoto alikuwa akiusukuma uji, mama yake akimbembeleza. "Kunywa, baba. Kunywa kidogo tu." Nami nikaongeza sauti ya redio.

Kesho yake Makokha alinipeleka kwenye karakana yake. Nikamwambia ni banda la kuku. Akacheka tu. Akanionyesha meza ya kazi, mpya, bado inanukia mbao, haina miguu.

"Hii ni ya Josefu," akasema. "Nimengoja uje uniambie urefu wake. Fundi akiinama siku nzima mgongo unaharibika."

Nikaweka kiganja begani kwangu. Makokha akapima kwa kamba, akaikatia miguu palepale.

Jioni tuliporudi, mke wake alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, hafagii. Akaonyesha chini.

Sisimizi! Mstari mweusi ulitoka kwenye ufa wa ukuta, ukavuka sakafu, ukapanda begi langu na kuingia ndani.

"Sikutaka kugusa mzigo wa mgeni," akasema.

Makokha alilifungua begi mbele yangu. Akatoa mashati. Akatoa suruali. Chini kabisa akakuta punje za sukari, na sisimizi wakisherehekea. Akachukua punje moja kwa kidole, akaonja.

"Wadudu hawa hawana dharau," akasema. "Wamekuja kukutembelea bila kuuliza kuna vyumba vingapi. Iko wapi sukari ya mtoto?"

"Nyumbani. Redio haikuingia."

"Sema tena."

"Niliitoa ili redio iingie."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga! Yule mama ndiye aliyenimaliza. Alichukua ungo, akaligeuza begi langu juu yake, akalipigapiga mgongo kama anayemcheulisha mtoto mchanga. Akapuliza sisimizi. Akachagua uzi na vumbi. Kilichobaki hakikujaa kijiko. Akakikoroga kwenye uji, akaingia nyuma ya pazia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamsikia yule mtoto akiomba aongezwe.

Hapakuwa na cha kuongeza.

"Josefu abaki hukohuko," Makokha akaniambia.

"Makokha, Josefu hana kosa. Kosa ni langu."

"Najua hana. Lakini kila nikimwona nitakuona wewe, nami nitamlipiza bila kutaka. Sijiamini kiasi hicho. Nenda salama."

Dar es Salaam sikuiona. Nani angekwenda kutazama bahari na moyo kama ule? Nilirudi Matungu nikiwa nimeandaa uongo mwingine, kwamba Makokha amefilisika. Sikupata nafasi ya kuutumia. Nilipoingia nilikuta sukari juu ya meza, ndani ya kitambaa chake. Rispa alikuwa ametafuta chungu cha kupikia mboga, akaikuta humo.

Josefu alikuwa amekaa kando, nguo zake zimekunjwa tayari. Alitazama sukari, akanitazama, akauliza neno moja: "Lini?"

Niliwaambia yote. Hilo tu ndilo ninalojisifia, na ni kidogo. Rispa alilia. Josefu aliinuka, akazirudisha nguo kwenye sanduku, akachukua panga, akaenda kukata miwa. Amekata miwa tangu siku hiyo. Mgongo wake umepinda, ule ule ambao Makokha alitaka kuupimia meza.

Rispa alipeleka ile sukari kwa dereva wa lori. Makokha aliipokea, akarudisha kitambaa kimefuliwa. Hakutuma salamu.

Sasa ninyi mnaofunga mabegi kwenda kulala kwa marafiki katika nchi za watu, mkijiona mmetembea! Nawajua, na ninawadharau, kwa sababu nilikuwa mmoja wenu. Mnapima nyumba ya mtu kwa macho kabla hamjakunywa maji yake. Ulichotumwa, kifikishe, hata kama kwenu ni takataka. Ukikisahau, sema umekisahau. Chumba kimoja chenye pazia kinaweza kuwa ndicho kilichokuwa kimemwekea ndugu yako nafasi.

Redio iliharibika mapema, wala siku hizi sijui iko wapi. Josefu hunitembelea kila Jumapili baada ya kanisa, ananiamkia vizuri, tunaongea habari za mvua. Mke wangu humsogezea bakuli la sukari. Yeye hulisogeza kando taratibu, bila hasira, akanywa chai yake kavu mpaka tone la mwisho, akinitazama.

Na mimi hunywa yangu hivyohivyo.