Nyundo ya Kaka na Jiwe la Kakesio

Kaka yangu, tumbo moja, ndiye aliyeshika nyundo. Naanza na yeye kwa sababu watu wa kijijini kwetu Qurus wamezoea kusema ilikuwa bahati mbaya. Bahati haina mikono. Mikono ilikuwa yake, na aliyeliweka jiwe juu ya jembe la plau nilikuwa mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni yenyewe ya kupanga foleni. Rafiki yangu mmoja, mfugaji wa Kakesio, ambaye baba yake na baba yangu walibadilishana mahindi na mbuzi kabla yetu, alikuja na jiwe amelifunga kwenye pembe ya shuka. Alilipata upande wa Usukumani. Lilikuwa kubwa kama punje ya hindi, la njano kwa mbali, halimeti, na ukilishika ni kama lina mafuta. Akasema ni almasi, anataka ng'ombe watatu.

Ng'ombe watatu nilikuwa nao zizini, ila hawakuwa wangu. Walikuwa wa mke wangu, alipewa na baba yake kule Mbulu. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo hatoki mpaka mwenyewe aseme, na hilo hata anayechunga ndama analijua. Mke wangu alikuwa kwao msibani, angerudi baada ya siku nne. Sikumngoja. Nilisema moyoni, akirudi nitamwonyesha bati za nyumba mpya, atasahau ng'ombe.

Shule niliishia darasa la tatu. Nilichojua kununua ni mifugo: unatazama meno, unapapasa nundu, unamtembeza. Jiwe nililipapasa, nikalikwaruza kwenye chemni ya taa, kioo kikachorwa. Basi. Nikafungua zizi.

Jioni kaka akaja kuliona, akacheka.

"Hili? Chupa ya soda inalishinda kung'aa!"

"Limechora kioo, kaka."

"Hata kokoto ya mtoni inachora kioo. Sikiliza, mdogo wangu, almasi haivunjiki. Ukiipiga, inazama kwenye chuma. Lete hapa tujue."

"Na likivunjika?"

"Likivunjika si almasi. Utalilia kokoto?"

Pigo moja tu. Lilipasuka, vipande vingine vikaruka kwenye majani, tukavitafuta kwa magoti. Kaka akajifuta mikono. "Umeliwa," akasema, akaenda zake kunywa pombe.

Mke wangu aliporudi alipita zizini kabla hajatua mzigo.

"Baba watoto, ng'ombe wa baba yangu wako wapi?"

Nilimweleza yote, mpaka nyundo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na mimi nilikuwa nimekufa, hata usiniulize?" Asubuhi akamfunga mgongoni binti yetu, ambaye alikuwa bado hajafikisha miaka mitatu, akaenda kwao, na mimi sikuwafuata.

Rafiki yangu nilimkuta mnadani Karatu. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Akasema, "Mimi nimekupa nilichopewa," akageuza punda wake. Kwangu hajakanyaga tena.

Miaka mitatu nilimchukia. Halafu nilikwenda Arusha kutafuta boliti za plau, na vipande vyangu mfukoni ndani ya karatasi. Nikaingia kwa sonara mmoja, mzee wa miwani. Niliona haya, nikamwambia ni vya mtu. Akaweka lenzi jichoni, akavigeuza kimoja kimoja kwa koleo ndogo.

"Nani amevunja almasi hii?"

Akanifundisha, kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko matusi. Kwanza uzito: jiwe moja zima na vipande vyenye uzito uleule si bei moja, kama maksai aliye hai si sawa na mafungu ya nyama. Pili rangi: iliyo kama maji matupu iko juu, ya njano inashuka, ila bado ni almasi. Tatu tumbo la jiwe, kama lina madoa au nyufa, na hayo huyaoni bila lenzi. Nne mkato, na kung'aa kunatoka huko. Jiwe lililotoka ardhini, halijakatwa, huwa limefifia.

"Lakini haivunjiki," nikasema.

"Haikwaruziki. Kuvunjika inavunjika. Ina mkondo wa kupasukia, kama gogo, ukipata mkondo inapasuka."

Sikurudi Qurus siku ile. Nilipanda lori, nikalala njiani, nikafika Mbulu kwa wakwe zangu. Mke wangu alikuwa uani anapepeta mtama. Nikasimama kama mpumbavu na karatasi yangu mkononi.

"Lilikuwa la kweli," nikamwambia. "Nimepimiwa Arusha. Sikuibiwa."

Hakuinua macho. "Na ng'ombe wangu walikuwa wa kweli," akasema, akaendelea kupepeta.

Sijui nilitegemea nini. Kaka mpaka leo anasema ningelipeleka kwa sonara kwanza, yeye aliyesema lete hapa tujue. Na mimi ningemngoja mke wangu siku nne.

Alipomaliza ungo akaingia ndani. Akatoka msichana mdogo, ana pua yangu, ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili kama mtoto aliyefundishwa adabu kwa wageni.

"Shikamoo, mzee," akaniambia.