Mkono wa Ambindwile na Kinda la Tai

Ambindwile wa Lufingo alikuwa mzito wa kila kazi isipokuwa kutazama. Mwaka ule wa sabini na tano alikuwa na cha kutazama: bondeni kwake ulisimama mti mrefu wa mpodo, na kwa kuwa nyumba yake ilikuwa mlimani, kiota cha tai kilikuwa sawasawa na macho yake. Kinda alikuwa na siku nne, mweupe kama pamba, kichwa kizito kuliko shingo; akijiinua kudai chakula, anaanguka kifudifudi. Mama yake anamchania nyama vipande vya punje ya mtama, anangoja.

"Mama Lazaro, leo amekula mara tatu!"

"Na wewe umelima mara ngapi?" mkewe Felista akamuuliza.

Jumatano kukawa na mkutano wa kijiji. Tai dume akapita juu na tumbili kuchani, Ambindwile akanyoosha mkono kumwonyesha jirani. Kumbe mwenyekiti ndiyo kwanza ameuliza nani anakubali mpodo ukatwe, upatikane mbao za zahanati. Watu kuona mwenye bonde mwenyewe kanyoosha, wakanyoosha wote. Katibu, Mwalimu Zuber kutoka Tanga, akaandika: wote wamekubali, wa kwanza Ndugu Ambindwile.

Jioni akamfuata. "Mwalimu, mimi nilikuwa naonyesha ndege."

"Sasa niandike kijiji kizima kimemfuata ndege?"

"Basi mngoje miezi minne tu, kinda aruke."

"Kamwombe Marietha."

Marietha alikuwa jirani yake. Mwezi uliopita alijifungulia njiani akipelekwa hospitali Tukuyu, na mtoto hakupona. Ambindwile akarudi nyumbani.

Jumamosi, kazi ya pamoja, wakampa kamba ya mbele. "Wa kwanza kukubali, wa kwanza kuvuta!" Wakacheka, naye akavuta. Mpodo ukalia, ukalala.

Ambindwile akamkuta kinda kwenye matawi, angali hai. Akambeba kwa kofia hadi uani, akachana nyama ndogo ndogo kama alivyomwona mama mtu. Kinda hakufungua mdomo. Juu ya bonde tai wawili walizunguka pale kilipokuwa kilele cha mpodo, wala hawakutazama mlimani.

"Mama Lazaro, niambie la kufanya."

Felista, mwenye jibu la kila kitu tangu siku ya ndoa, akaketi kando yake, akatandaza kanga kukinga upepo.