Siku Baba Alipoligusa Jiwe

Sisi tuliokulia Rockville, kule Marekani, miaka ile ya elfu mbili tunajuana. Ndio tuliokwangua kadi za simu kwa ukucha ili Mama azungumze na nyumbani, tukasongewa ugali wa semolina ya ngano unga wa mahindi ulipokwisha, tukavishwa makoti mawili mpaka mikono ikagoma kushuka. Watoto wa leo wakiona theluji wanaipiga picha, kisha wanarudi kitandani. Sisi tulitolewa nje. "Theluji haijamla mtu," Mama alisema, akafunga mlango.

Jumamosi za wenzangu zilikuwa za sherehe. Kipaimara huku, harusi kule, pilau kwenye masinia ya foili na watoto kukimbizana chini ya meza. Zangu zilikuwa kwenye ukumbi wa barafu. Mwisho wa wiki Mama alikuwa akimtunza bibi mmoja mgonjwa, kwa hiyo nilifuatana na Baba. Baba alikuwa muuguzi, mtu wa Njombe, na aliyemwingiza kwenye mchezo wa curling ni Walter, Mzungu aliyepiga picha za eksirei hospitalini kwao. Timu ya Walter ilipungukiwa mtu, akamuuliza Baba kama anaweza kufagia. Baba akamjibu kwamba kalelewa na mama mkali.

Mchezo wenyewe ni huu. Mmoja anatelezesha jiwe zito juu ya barafu, wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakisugua barafu kwa fagio ili lifike mbali, na jiwe linalosimama karibu zaidi na kitovu cha duara upande wa pili ndilo lenye pointi. Mimi nilikaa nyuma ya kioo na mkate wa siagi ya karanga na chai iliyopoa. Mtoto mwingine hakuwepo. Wakati mwingine nilizungumza na pumzi yangu kwenye kile kioo, nikaichorea macho.

Tukiwa njiani kwenye gari lake, Walter alinisimulia habari za ubingwa wa taifa wa wanaume kama babu anavyosimulia ukoo. Ulianzia Chicago miaka ya hamsini, kisha ukawa unahama kila mwaka, mara nyingi kwenye miji ya kaskazini yenye maziwa yanayoganda. Zamani walifagia kwa fagio za mabua, ukumbi mzima ukivuma kama watu wanapura mpunga. Mabingwa walitoka Minnesota, Wisconsin, Dakota Kaskazini, watoto wakirithi mchezo kwa baba zao. "Na watu wa huku kwetu?" niliuliza. "Huku kwetu tunapiga makofi," alisema Walter.

Basi fikiria majira yale ya baridi timu yao ilipofika fainali ya kanda. Mshindi angekwenda kwenye ubingwa wa taifa. Baba alikuwa ameshaomba likizo, na Mama alikuwa amemnunulia soksi nzito.

Mpaka jiwe la mwisho timu zilikuwa sare. Walter akalirusha. Baba na mwenzake wakainama, wakasugua kwa nguvu, na jiwe likapinda taratibu, likaenda kukaa katikati kabisa ya duara. Walter akainua ufagio wake juu. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya benchi.

Ndipo nikamwona Baba akinyoosha mkono.

"Nimeligusa," alisema. "Ufagio wangu umeligusa."

"Una uhakika?" Walter aliuliza.

"Nina uhakika."

Katika mchezo ule kuligusa jiwe linalokwenda ni kosa; mchezaji hujitaja mwenyewe, na wapinzani ndio wanaoamua jiwe libaki au liondolewe. Nahodha wao, mkulima mwenye ndevu nyekundu, alilitazama lile jiwe kwa muda. Kisha akalisukuma nje kwa mguu. Jiwe lao likabaki ndilo la karibu. Wachezaji wale wanane, wanne kila upande, wakapeana mikono.

Desturi ni kwamba washindi huwanunulia walioshindwa kinywaji. Yule mkulima alimletea Baba chai, akakaa naye. Walter na wenzake walikaa meza ya mbali.

Tulirudi kwa gari la Walter. Nilimuuliza Baba kwa Kiswahili, ili Walter asielewe, "Kwani kuna aliyeona?"

"Mimi nimeona," alisema, akageukia dirishani.

Jioni ile ile tulikwenda kwenye sherehe ya wenzetu mjini Annandale. Rafiki mmoja wa Baba akampokea mlangoni: "Mfagizi wetu karudi. Mmeshinda?" Baba akasema wameshindwa, watu wakacheka, naye akacheka nao. Baadaye nilimkuta nje, amesimama kando ya gari na sahani ya pilau ambayo hajaigusa. Nilisimama naye.

Hawakugombana na Walter. Majira yaliyofuata simu haikulia tu, na tukasikia wamempata mtu mwingine. Baba hakuacha. Jumapili mchana, barafu ikiwa haina watu, alirusha mawe, akayafuata polepole hadi upande wa pili, akayarusha tena kurudi. Hakuwa na wa kumfagilia. Sikujua wakati ule kwamba mtu mzima anaweza kuwa mpweke kiasi kile mbele ya macho ya mwanawe.

Baba tulimrudisha Njombe, ndiko alikolala. Ubingwa bado unachezwa kila mwaka, na siku hizi huhitaji kukaa nyuma ya kioo. Unautazama kwenye simu, kamera juu, kamera pembeni, jiwe linakuzwa mpaka unaona mikwaruzo yake. Enzi zile mechi ya Baba iliangaliwa na watu wachache na mtoto mmoja, lakini baada yake aliyeshinda na aliyeshindwa walikaa meza moja wakanywa. Juzi nilitazama fainali sebuleni. Mwanangu alipita, akaniuliza kwa Kiingereza nani anaongoza. Nilipomaliza kumjibu kwa Kiswahili, alikuwa ameshapanda ngazi. Mchezo ukaisha, wanaume wanane wakapeana mikono, nami nikainua uso kutafuta wa kumwambia.