Hajasema Hatarudi

Mimi nimezaliwa chini ya mlima wenye theluji, na theluji yenyewe sikuwahi kuigusa mpaka nilipokuja Virginia. Kwetu Kilimanjaro ni kitu cha kutazama asubuhi ukipiga mswaki, mawingu yakikubali. Huku Falls Church ni kitu cha kukwangua kwenye kioo cha gari kabla ya kwenda kazini, vidole vikiuma na mdomo ukisema maneno ambayo mama hakunifundisha. Ndiyo maana binti yangu aliponiambia kwamba kuna watu hulipa kwa hiari yao wapandishwe mlimani, wateleze kwenye theluji hadi chini, kisha wapande tena, nilimwambia hao ni watu wasio na shamba.

Binti yangu anafundisha Kiingereza huko Japani, katika mji mdogo wa milimani. Alikwenda baada ya chuo akasema ni kwa muda mfupi tu, nami nikacheka, maana hata mimi nilikuja Marekani kwa muda mfupi tu. Siku za mapumziko, wenzake wanapokwenda Tokyo kununua nguo, yeye hutembelea viwanja vya skii vilivyoachwa. Viko vingi huko. Anasema zamani, nchi ilipokuwa na fedha za kuchezea, kila kilima kiliwekewa waya wenye viti vya kupandishia watu, na hoteli chini yake. Baadaye vijana wakapungua, theluji nayo ikawa haina uhakika, na viwanja vikafungwa kimoja kimoja. Wenye viwanja wengi hawakuvibomoa, kwa kuwa kubomoa nako ni gharama, na sasa msitu unajichukulia mahali pake.

Hutupigia simu ya video akiwa huko, kwao Jumapili asubuhi, kwetu bado Jumamosi jioni. Mimi huegemeza simu kwenye kopo la majani ya chai, na mke wangu, ambaye ni Mkenya na nesi kule Arlington, hutazama huku akikunja nguo. Tumeshaona mengi kwa namna hiyo. Tumeona viti vya watu wawili wawili vikining'inia juu ya vichaka, vimeota kutu zaidi upande unaopigwa na upepo. Tumeona chumba cha kukodishia viatu, viatu vigumu vya plastiki vimepangwa kwa namba kwenye rafu, na panya wamejenga ndani ya vile vikubwa. Tumeona kibanda cha tiketi chenye kidirisha cha kupitishia mkono, na mti mnene kama paja umesimama pale ambapo foleni ilikuwa ikisimama. Binti huvaa kengele kwenye mkoba ili dubu wamsikie mapema na kujiondokea. Kila inapolia, mke wangu hushtuka.

"Huyu mtoto tulimsomesha akatafutane na dubu," husema. "Si angebaki tu hapa aingie nursing?"

Mimi sikumkataza. Nilivipenda vile viwanja, na sikujisumbua kujiuliza kwa nini.

Sasa, ili nieleweke, lazima niseme habari ya nyumba. Kwetu Uchagani mtoto wa mwisho wa kiume, kitindamimba, ndiye anayebaki nyumbani. Wakubwa hukatiwa sehemu zao wakajenga. Mdogo hubaki na wazazi, huwazika, na nyumba yao huwa yake pamoja na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka. Mimi ndiye kitindamimba. Baba nilimzika nikiwa bado niko kijijini. Mama nilimzika kwa kupanda ndege, nikarudi Virginia maua ya kaburini hayajanyauka vizuri. Tangu hapo nyumba imefungwa. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwake ni ng'ambo tu ya mfereji, ndiye huifungua kila wiki, akafagia, akapitisha upepo, akaifunga tena. Magoti yake yamechoka na hajawahi kulalamika.

Mwaka huu binti yake alipangiwa kufundisha shule ya kijijini kwetu. Kaka akaniuliza kama msichana anaweza kuhamia nyumba ya mama. Aliuliza kwa adabu, mara moja tu, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Nikasema nitafikiri. Nikafikiri wiki baada ya wiki, hadi akaniandikia ujumbe: "Mdogo wangu, ukoo unakaa Jumapili baada ya misa. Tunataka neno lako."

Sikuwa na kinyongo na yule msichana. Ni mtoto mwema, kila Krismasi hunitumia salamu akiniita baba mdogo. Lakini mtu akishaingia na sufuria zake, mume atafuata, watoto watafuata, na nyumba itakuwa yao. Na ile nyumba ndiyo iliyokuwa ikinishikilia. Nikiwa kwenye foleni ya magari pale barabara kuu ya Beltway, au nimekaa kwenye kikao cha kazini nikisikiliza watu wakibishana juu ya seva, nilikuwa najiambia kwamba mimi si mtu wa hapa. Mimi ni mtu mwenye nyumba Kilimanjaro, niko hapa kwa muda. Ondoa nyumba, nibaki nani? Mzee mmoja kwenye apatimenti karibu na Route 7, basi. Nilikuwa naogopa, na hofu yangu nilikuwa nimeivalisha nguo za mila.

"Si umpatie tu msichana hiyo nyumba?" mke wangu aliniambia. "Kwani wewe utarudi lini?"

"Nikistaafu."

"Ulisema mtoto akimaliza high school. Halafu ukasema akimaliza college. Sasa ni kustaafu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakunja shuka.

Jumamosi ile, kesho yake ukoo ukae, binti alipiga simu kutoka chini ya mlima ambao bado ungeweza kuona mteremko wake, mstari mrefu wa nyasi za manjano umepasua msitu kutoka juu hadi chini. Mteremko ulipoishia palikuwa na nyumba ya wageni ya mbao, ghorofa mbili. Upande mmoja paa lilikuwa limeporomoka kwa uzito wa theluji, upande wa pili lilikuwa zima. Binti akauwekea mlango mkono ili ausukume.

"We! Piga hodi kwanza," nikasema.

"Dad, hakuna mtu. It's abandoned."

"Hata kama. Huingii nyumba ya watu kimya kimya kama mwizi. Piga hodi."

Akashusha pumzi, ile wanayoshusha watoto wa huku wazazi wanapowatia aibu. "Hodi!" akaita kwa nguvu, kunifurahisha tu. Sauti ya mwanamume ikamjibu kutoka ndani.

Mke wangu aliangusha nguo zote. Simu ikayumba, tukaona miguu, majani, anga. Ilipotulia, mlangoni palikuwa na mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, ufagio mkononi, uso umekunjamana kwa hasira.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nimeshainuka nusu kitini.

Binti akasema maneno marefu ya Kijapani, akainama, akainama tena. Mzee akanitazama ndani ya simu, akatikisa kichwa kuitikia, kisha akaonyesha kidole viatu vya binti yangu. Avue. Palikuwa na ndara za wageni pale mlangoni, zimepangwa jozi jozi, ncha zikielekea ndani, katika nyumba ambayo majani ya msitu yalikuwa yakichungulia kupitia ukuta. Binti akavua viatu akavaa ndara.

Akatutafsiria kidogo kidogo. Mzee ndiye mwenye nyumba. Baba yake aliijenga, yeye na mkewe wakaiendesha. Watelezaji walikuwa wakilala humo, wakinywa supu na kukausha soksi zao kuzunguka jiko, nyumba nzima ikinuka soksi. Mkewe amefariki. Kiwanja kilipofungwa wageni walikoma, lakini yeye huja kila wiki kwa kigari chake, mpaka theluji ifunge barabara, akafagia vyumba ambavyo bado vina paa na kufungua madirisha. Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayemlalamikia fundi bomba. Akamwonya binti asikanyage ubao mmoja wa ngazi, kisha akampa ufagio wa pili. Sikutegemea hilo, ila nilimheshimu kwa hilo. Kwetu pia mgeni wa ghafla hupewa kazi.

Binti akaegemeza simu dirishani, akaanza kufagia. Sisi tukabaki tunautazama ule mteremko mtupu na kusikiliza fagio mbili. Ule wa binti ulikuwa na haraka. Ule wa mzee ulikwenda polepole, ukasimama, ukaendelea. Nikamwona kaka yangu. Sisemi nilimkumbuka, nilimwona, ameinama sebuleni kwa mama, akijishika kiuno anapoinuka, akitoka kufunga madirisha yale yale aliyoyafungua.

"Hebu muulize," nikamwambia binti, "mbona hampi mtu akae? Nyumba inamwishia hivi."

Akauliza. Ufagio wa polepole ukanyamaza. Mzee akaeleza kwamba watu walishakuja, kijana na mkewe, walitaka kupika mikate pale na kuwauzia wapanda milima wakati wa kiangazi. Wangetengeneza na paa. Aliwakatalia. Nyumba ni ya mwanawe, yuko Osaka, na huyo ndiye atakayeiendesha.

"Kwani amesema atarudi?"

Binti akatafsiri. Jibu lilikuwa fupi.

"Anasema, hajasema hatarudi."

"Huyo kijana wake wa Osaka ana miaka mingapi?" mke wangu akadakia.

Hapo mzee akacheka kwa mara ya kwanza, akaivua kofia akapapasa kichwa chake. "Huyo kijana," binti akamtafsiri, "ana mvi kunishinda mimi baba yake."

Binti alipomaliza kufagia, mzee alimsindikiza hadi nje, akafunga mlango kwa kamba, akaingia kwenye kigari chake bila kuangalia nyuma. Simu ikakatika, kama zinavyokatika simu za milimani. Nilikaa palepale. Nilikuwa nimemkasirikia yule mtu wa Osaka ambaye sijawahi kumwona wala sitamwona. Neno moja tu, nilikuwa namwambia kimoyomoyo. Mpigie baba yako umwambie neno moja, aache kung'ang'ana na ngazi mbovu na ufagio kwa ajili yako. Kama unarudi, sema lini. Kama hurudi, sema, watu wapike mikate yao. Nilikula chakula cha jioni na hasira ile kifuani, na kabla sahani haijaisha nilishajua ninamkasirikia nani.

Asubuhi yetu ya Jumapili, kwao ikiwa alasiri, nilimpigia kaka. Akaniweka kwenye sauti ya juu ili ukoo wote usikie. Nikasikia kuku, vikombe, na wazee wakikohoa. Mke wangu alikuwa anaosha vyombo nyuma yangu.

"Haya, mdogo wangu, tunakusikiliza," kaka akasema.

Nilikuwa nimepanga hotuba, yenye shukrani na mizunguko yake. Haikutoka. "Binti yetu ahamie hapo kwa mama," nikasema. "Na asihamie kwa muda. Iwe nyumba yake. Mimi sirudi kukaa, kaka. Nitakuja kuwaona, lakini kukaa sirudi."

Nyuma yangu bomba likafungwa. Neno lile nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti, hata nikiwa peke yangu ndani ya gari. Kule Kilimanjaro mtu akaweka kikombe chini.

"Sawa," kaka akasema mwishowe, taratibu. "Na wewe ukija, utafikia wapi?"

Miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ni swali la kuulizwa mgeni. Mtu hafikii kwao, huingia tu na begi lake akaliweka pale alipoliweka siku zote. Nilijua kaka hakukusudia kunichoma. Alikuwa anauliza kwa sababu sasa ilibidi mtu aulize.

"Nitafikia kwa binti yetu," nikasema, "akinikaribisha. Nitakuwa mgeni wake."

Nikasikia kiti kikisogezwa. Kaka, ambaye hata siku ya kumzika mama hakutoa chozi mbele za watu, alijikohoza, akajikohoza tena.

"Basi, mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na ukoo mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao.

Aliniaga upesi, akisema vijana wanakwenda sasa hivi kubeba kitanda cha msichana, mvua isije ikawakuta njiani. Niliiweka simu mezani. Nililia pale jikoni kwetu, Falls Church, na mke wangu akasimama nyuma yangu na mikono yake iliyolowa, akaniacha nilie.