Bosi, Mtaalamu wa Ubongo na Bi Zuhura

Jamani, leo kazini nimeona mambo.

Bosi katuletea mtaalamu wa ubongo, eti atufundishe kufurahia kazi.

Tukakalishwa wawili wawili. Mtaalamu akasema, "Mwambie mwenzako neno zuri. Ubongo wake utachangamka na kazi ataipenda."

Bosi kapangwa na Bi Zuhura wa masjala.

Sasa sikilizeni. Bi Zuhura kafiwa na mama yake juzi. Ofisi nzima tulikwenda Gando kuzika, kasoro bosi. Leo ndiyo kwanza Bi Zuhura karudi, macho bado yamevimba, na bosi hata mkono wa taazia hajampa.

Bosi huyo, meno yote nje:

"Bi Zuhura, leo umependeza! Inaonekana umepumzika vizuri."

Wallahi nilitazama chini.

Bi Zuhura akajibu taratibu, "Ahsante, bosi. Nilikuwa kwenye msiba wa mama yangu."

"Oo! Mbona sikuambiwa?"

Hakuambiwa!

Haya, nyie niambieni, ubongo wa mtu huyu unafundishika?

Maana barua ya ruhusa ya msiba niliichapa mimi. Bi Zuhura aliomba siku tatu. Bosi, kwa kalamu yake mwenyewe, akaikata tatu, akaandika mbili.